GARI LA BINTI YANGU, Sehemu ya 4: Nyumba yenye magurudumu

Watoto wamelala? Kama bado, wabembelezeni kwanza, maana ya leo ni ndefu.

Tangu niweke ile picha ya gari letu limeegeshwa chini ya mbuyu, mlango wa nyuma uko wazi na binti yangu anashushwa na kiti mwendo chake, meseji hazijakatika. Wengi mnauliza mmelipata wapi na limegharimu nini. Wengine mnauliza swali jingine kwa kuzunguka zunguka, ila nimeshalielewa: kwa nini mtu mwenye mshahara wa nesi auze kiwanja kwa ajili ya gari la kumtembeza mtoto asiyeweza hata kutembea?

Nitajibu yote. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lililotunyima usingizi.

Kwa mliojiunga juzi: binti yangu ana miaka 11 na ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hawezi kukaa bila kuegemezwa, haongei kwa maneno. Ila anasikia kila kitu, na utani wa baba yake anaucheka kabla yangu. Sasa hivi ana kilo 28. Baba yake ni dereva wa lori. Tunaishi Morogoro, na bibi yake mzaa baba yuko kijijini Kondoa, zaidi ya kilometa 30 za vumbi na mchanga kutoka kwenye lami. Bibi ameshapita miaka 80 na magoti yake yamekataa safari.

Mara ya mwisho bibi kumwona mjukuu wake, mjukuu alikuwa na miaka 5 na mimi nilimbeba mgongoni kwa kanga. Kilo 28 hazibebeki kwa kanga, jamani. Basi nalo tulijaribu. Kondakta wa basi moja aliniambia kiti mwendo kilipiwe kama mzigo na mtoto alipiwe kama mtu, halafu kiti kikatupwa kwenye buti chini ya magunia. Nikampakata mtoto kutoka Morogoro hadi Dodoma. Tulipofika, mgongo wangu ulikuwa haunyooki na yeye alikuwa amekakamaa miguu yote miwili. Safari ya Kondoa ikaishia hapo Dodoma, kesho yake tukarudi nyumbani.

Sasa fikiria hata kama tungefika. Nyumba ya bibi mlango ni mwembamba na una kizingiti. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Bafu ni uzio wa makuti, unaingia kwa kuruka tope. Binti wa miaka 11 anaanza kuwa mwanamke, mama zangu. Siwezi kumwogesha uani wajomba wanapita. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumfikisha ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni pa kukaa akishafika. Tulihitaji gari ambalo likisimama linageuka kuwa chumba, kitanda, choo na bafu lake.

Tulipotangaza kwamba tunauza kiwanja, kikao cha ukoo kiliitwa. Shemeji yangu mmoja, mtu mwenye busara na ninamheshimu, akasema: "Mnamwandalia mtoto safari, mnasahau kumwandalia maisha." Neno hilo liliniingia, kwa sababu halikuwa la kijinga. Kiwanja ni akiba. Sisi tukifa, atabaki na nini?

Mume wangu alijibu kwa kifupi: "Mama hatasubiri tumalize kujenga." Mimi niliongeza la kwangu kama nesi. Wodini nimepokea watoto kama wangu ambao hawajatoka chumbani miaka mingi. Wanaletwa na vidonda vya mgandamizo, viungo vimekaza, na mama anayewaleta naye anaugua mgongo. Hakuna aliyewanyima upendo. Walikosa tu njia ya kutoka mlangoni. Kwa mtoto huyu, kutoka nje ni sehemu ya matibabu.

Tulikubaliana na ukoo masharti. Gari lisiwe la safari ya mwaka mara moja. Kila Jumatano lipeleke watoto wa mtaani kwetu wenye ulemavu kwenye mazoezi tiba, mafuta tuchangiane. Na deni la SACCOS tulilipe kabla ya kufikiria kitu kingine. Shemeji akanyamaza, kisha akauliza: "Haya, na huo mlango wa nyuma mtaufanyaje?" Hapo nikajua tumepita.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe.

GARI
Tulichagua Hiace ya paa refu, fowili, iliyotumika Japani. Toyota wanatengeneza huko magari ya watu wenye ulemavu na wazee, wanayaita Welcab. Mengi yanauzwa yakishatumika na vituo vya kulelea wazee. Uzuri wake, sakafu tayari ina reli za kufungia kiti mwendo, mlango wa nyuma unafunguka wote kwenda juu, na ndani mtu anaweza kukaa kwenye kiti chake bila kichwa kugonga paa.

Kabla ya kuagiza, nenda forodha ukaulize mapema. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina kipengele cha msamaha wa ushuru kwa gari moja lililotengenezwa maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Kuna masharti na vielelezo vyake, na vinatakiwa kabla gari halijafika bandarini.

Mume wangu alitaka gari liinuliwe juu kwa sababu ya mawe ya Kondoa. Tukachukua futi ya fundi. Sakafu ilikuwa sentimeta 66 kutoka ardhini. Kila sentimeta unayoinua gari ni sentimeta unayomwongezea mtoto kupanda. Tukaacha kimo kama kilivyo, tukabadilisha shokapu, tukafunga tairi imara za njia mbaya, na fundi akaweka bamba la chuma chini ya injini. Hiace haitakuwa Land Cruiser hata ukiipaka rangi ya jeshi. Kuna njia tutazikubali na nyingine tutazikataa, hilo tulilijua toka mwanzo.

RAMPU
Gari lilikuja na lifti ya umeme mlango wa nyuma. Mjini ni nzuri sana. Porini, betri ikifa au tope likiingia kwenye mitambo, mtoto anabaki ndani. Tukaiuza, tukatengeneza rampu ya mkono.

Majengoni wanapendekeza kwa kila sentimeta 1 ya kupanda uwe na sentimeta 12 za urefu. Kwa sentimeta 66 hiyo ni rampu ya karibu mita 8, yaani ndefu kuliko gari lenyewe. Haiwezekani. Yetu ina sentimeta 240, inakunjwa katikati kwa bawaba na kusimama nyuma ya mlango. Ni ya alumini. Alumini haichomelewi na kila fundi, kwa hiyo yetu imefungwa kwa bolti na riveti. Juu kuna bati lenye vinundu ili tairi zisiteleze, na pembeni kuna kingo za sentimeta 5 ili gurudumu lisitoke nje.

Ni kali? Ndiyo. Mtoto na kiti chake ni kilo 48. Kwa mteremko huo, nguvu ya kusukuma ni kama ya kunyanyua ndoo yenye lita 13 za maji, na sisi tunasukuma wawili. Ila siri kubwa haiko kwenye rampu, iko kwenye maegesho. Egesha gari ili mlango wa nyuma uelekee mahali palipoinuka: kichuguu, tuta la shamba, ukingo wa barabara. Ukipata tuta la sentimeta 20 tu, unapanda sentimeta 46 badala ya 66. Kama ni tambarare kabisa, chimba vijishimo viwili, rudisha tairi za nyuma zitumbukie humo. Jembe dogo tunatembea nalo.

Kupanda, mtoto anatangulia uso mbele na wewe uko nyuma unasukuma. Kushuka, anarudi kinyumenyume na wewe uko chini yake. Usimshushe uso ukiangalia chini. Akiteleza hana mikono ya kujikinga.

MAHALI PA KITI
Mnaijua siti ya mwisho ya daladala? Ile ambayo kila tuta unaruka hadi kichwa kinagusa paa? Sababu ni kwamba iko nyuma ya tairi za nyuma. Sasa gari nyingi za kubeba viti mwendo zinaweka kiti palepale nyuma, kwa kuwa ndipo kinapoingilia. Kwenye lami sawa. Kwenye makorongo ni adhabu, hasa kwa mtoto ambaye shingo yake haijikazi.

Tulitoa safu ya siti za katikati, tukasogeza reli mbele, kiti chake kikakaa kati ya tairi za mbele na za nyuma. Hapo ndipo gari linaporuka kidogo kuliko pengine pote. Na anaona mbele, kioo kikubwa, kati ya baba na mama. Zamani alikuwa anasafiri anaangalia paa.

MIKANDA
Hapa naomba usiruke hata mstari mmoja.

Viti mwendo na mikanda yake vinavyotengenezwa kwa ajili ya magari hupimwa kwa ajali ya mwendo wa kilometa 48 kwa saa. Kwenye pigo hilo, kila kilo inavuta kama kilo 20. Kiti chetu na mtoto ni kilo 48. Zidisha kwa 20: ni kilo 960, karibu tani moja, kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana kamba ya katani, au ule mpira wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, haufungi kitu. Unakupa moyo tu.

Kanuni ni hizi:
- Kiti kielekee mbele, kisikae ubavu.
- Mikanda minne: miwili mbele, miwili nyuma. Ifungwe kwenye fremu imara ya kiti, si kwenye magurudumu, si kwenye pa kuwekea mikono wala miguu.
- Mtoto afungwe mkanda wake peke yake, wa kiunoni na begani, uliofungwa kwenye gari. Ule mkanda mdogo wa kiti mwendo ni wa kumsaidia kukaa, haumlindi kwenye ajali.
- Mkanda wa kiunoni ukae kwenye mifupa ya nyonga. Ukikaa tumboni, siku ya ajali unaumiza matumbo.
- Meza ya kiti itolewe, ifungwe sehemu nyingine. Kichwa kiwe na cha kuegemea.
- Ukiongeza pa kufungia mkanda sakafuni, bolti ziwe ngumu, zenye namba 8.8 kichwani, na chini ya gari kuwe na sahani nene ya chuma. Bati la sakafu peke yake linachanika kama karatasi.

Kazi hiyo ya mikanda tulimpa fundi mwenye uzoefu wa viti vya mabasi, kisha gari likaenda kukaguliwa na trafiki na tukaijulisha bima kwamba limebadilishwa. Usione uvivu kwa hilo.

KITANDA, CHOO, MAJI
Kitanda chake kimo upande wa kushoto, upana sentimeta 75. Kimo chake ni sawasawa na kimo cha kiti mwendo, sentimeta 48 na godoro likiwa juu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Simnyanyui tena. Naweka kiti sambamba na kitanda, nafunga breki, natandika shuka gumu chini yake, baba yake anavuta na mimi namwongoza, anateleza kama mkate kwenye sinia. Hata kama huna gari, jaribu hili nyumbani kwako: pima kiti, kata miguu ya kitanda au iongeze, vilingane. Mgongo wako utanishukuru.

Upande wa kulia kuna benchi linalokunjwa ukutani. Mchana linampa kiti nafasi, usiku linashushwa, mimi na baba yake tunabanana hapo. Kiti mwendo kinalala nje chini ya turubai kikiwa kimefungwa mnyororo.

Choo ni kiti cha plastiki cha kawaida kilichokatwa tundu, na ndoo yenye mfuniko chini yake. Mlango wa nyuma ukiinuliwa juu unakuwa paa, tunaning'iniza turubai pande tatu, hapo ndipo bafu. Madumu mawili ya lita 20 ya maji yamefungwa chini ya kitanda. Binti yangu anaoga maji ya moto porini, hakuna anayemchungulia, na ananusa sabuni aliyoichagua mwenyewe.

HEWA NA UMEME
Juu kuna paneli ya sola ya wati 100 na betri ya pili, mbali na ile ya kuwashia gari. Inatosha taa, simu, na feni ndogo usiku kucha. Madirisha yana wavu wa mbu uliobanwa kwa sumaku, na kila mtu bado analala ndani ya chandarua.

Sasa nisikilizeni kama nesi. Usipikie ndani ya gari. Usiingize jiko la mkaa ndani ili kupata joto, hata dakika kumi, hata dirisha moja likiwa wazi. Usilale injini ikiwaka. Mkaa na moshi wa injini vinatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala vizuri kabisa na hawaamki. Sisi jiko ni nje, hatua kumi.

MWILI WA MTOTO NJIANI
Kwenye kiti, kila nusu saa namwinamisha kidogo au kumsogeza upande mmoja ili makalio yapumzike. Kila saa mbili tunasimama, anatolewa kwenye kiti na kulazwa kitandani. Namkagua ngozi: makalio, mfupa wa mkia, nyonga, visigino. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono. Sehemu ambayo ni ya moto kuliko jirani yake, au ngumu, au imekuwa nyeusi zaidi ama ya zambarau, hiyo imeanza. Usiikalie tena hadi irudi kawaida.

Chakula anakula gari likiwa limesimama, amekaa wima, na anabaki wima nusu saa baadaye. Mtoto anayepaliwa kirahisi asilishwe kwenye mashimo. Dawa za kifafa hazirukwi na hazikatwi ghafla. Kwa safari ya siku 5 nilibeba za siku 10, nusu kwenye mkoba wangu na nusu kwa baba yake.

Nilidhani najiandaa kupita kiasi.

SAFARI
Tuliondoka Desemba, shule zimefungwa. Tulilala Dodoma, kesho yake tukafika Kondoa mjini mchana, tukaacha lami. Makorongo ya Kondoa mmeyasikia. Ardhi ile ilimomonyoka hadi serikali ikaanzisha mradi wa kuihifadhi mwaka 1973. Njia inashuka, inapanda, inavuka mito ya mchanga isiyo na daraja. Tulipunguza upepo kwenye tairi, mume wangu akashuka na fimbo kuupima mchanga kwa miguu kwanza, ndipo akapita. Nyuma yangu nilisikia sauti. Niligeuka kwa hofu. Kumbe anacheka. Kila gari likiyumba, anacheka.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje. Alitazama gari, akatazama rampu ikifunguliwa, akauliza: "Hii nyumba yenu mbona ina magurudumu?" Binti yangu aliposhuka, bibi hakulia kama nilivyotarajia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamkagua kama anayekagua mahindi, akasema: "Umefanana na mimi pua." Halafu jioni, bila kuambiwa na mtu, akapanda rampu mwenyewe taratibu na magoti yake mabovu, mkono mmoja kwenye bega la mwanawe. Ngazi ya gari asingeiweza. Nilijenga ile rampu kwa ajili ya mtu mmoja, wakaitumia wawili. Usiku tatu bibi alilala kwenye benchi letu kando ya mjukuu wake, sisi tukalala ndani kwake.

Kuna kitu hakikuwezekana, nacho nakisema ili msije kudhani gari linatatua kila kitu. Kule kuna michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Gari lilitufikisha chini ya kilima. Juu ni miguu na mawe. Watoto wa shemeji walipanda, wakarudi na picha kwenye simu, wakamwonyesha moja moja huku wanamweleza. Alizitazama zote. Halafu akatazama kilima. Sikuwa na la kumwambia, nikamshika tu mkono.

Siku ya kurudi tulifika kwenye mto wa mchanga saa 10 jioni, tukakuta si wa mchanga tena. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwetu hata tone. Maji ya kahawia yalikuwa yanapita na magogo. Lori moja lilivuka mbele yetu, maji yakifika juu ya ekseli. Dereva wake akatupigia honi ng'ambo, kama kusema njooni.

Nilimtazama mume wangu. Ni dereva wa malori huyu, amevuka mito mingi. Alikaa kimya kidogo, akasema: "Peke yangu na lori, ningepita. Yeye kafungwa mikanda mikanda. Gari likilala ubavu, nitaanza na upi?" Akarudisha gari nyuma, juu kabisa ya ukingo, akazima injini.

Tukalala pale. Mama zangu, huo ndio usiku nilioelewa tulichonunua. Magari mengine mawili yalikuwa yamekwama nasi, watu wamejikunja kwenye siti, mtoto mchanga analia kwa mbu. Sisi tulishusha rampu kwenye tuta, tukapika nje, tukamwogesha binti, tukampa dawa yake saa 2 usiku kama kawaida. Yule mama mwenye kichanga nilimwita ndani, akalala na mwanawe kwenye benchi. Mimi na mume wangu tulikaa mbele, tunasikiliza mto. Niliamka mara tatu kumgeuza binti yangu upande, kama ninavyofanya nyumbani.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Mume wangu akavuka kwa miguu na fimbo, mara mbili, ndipo tukapita saa 3.

KAMA HUNA GARI
Najua wengi wenu mnasoma haya huku nauli ya kesho haijulikani. Haya hayahitaji kuuza kiwanja:

Ukikodi Noah au teksi na hakuna pa kufungia kiti mwendo kwa mikanda minne, mtoe mtoto kwenye kiti, mkalishe kwenye siti ya gari, mfunge mkanda, mkingie pande zote kwa mito au kanga zilizoviringishwa. Kiti mwendo kikunjwe na kifungwe nyuma. Hiyo ni salama kuliko kumwacha juu ya kiti kisichofungwa, na ni salama kuliko kumpakata. Mikono yako haishindi pigo la ajali, hata ungempenda vipi.

Simama kila saa mbili. Kagua ngozi kwa kiganja. Linganisha kitanda na kiti. Toboa kiti cha plastiki, weka ndoo, ning'iniza khanga mbili, mpe binti yako faragha. Beba dawa mara mbili ya siku za safari. Na kama mko wazazi watano mtaani wenye watoto kama wangu, ulizeni bei ya gari moja la pamoja kabla kila mtu hajasema haiwezekani.

Shemeji yangu wiki iliyopita alipiga simu. Anataka kujua kama rampu yetu inaweza kuazimwa siku mbili, mama mkwe wake ameanza kutumia kiti mwendo. Nimemwambia aje aichukue Ijumaa, ila Jumanne iwe imerudi. Jumatano ina watoto.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu viti mwendo vyenyewe: jinsi ya kupima kiti kinachomfaa mtoto anayekua, na vipimo gani umwambie fundi. Mwenye swali aliache hapa chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Lala salama.